Tumechanga milioni nne kwa ajili ya leba ya kituo chetu kule ziwani Kigoma. Tununue mashine gani ya kumsaidia mtoto asiyelia?

#1 Mwisho wa Reli
Wakuu salaam. Sisi ni watoto wa kijiji kimoja cha ziwani, wilaya ya Uvinza. Tuko ishirini na wawili, wengi tunahangaika Dar, wachache Mwanza. Kila mwaka tunachangia kombe la mpira la kijijini, ila mwaka huu tumesema pesa iende leba.

Sababu ni ya nyumbani. Mwezi wa pili mke wa mdogo wangu alijifungua kituoni, usiku, mtoto akatoka hajalia. Nesi alikuwa mmoja. Alimpangusa, akamsugua mgongo, kisha akakimbilia chumba cha pili kutafuta ambu, ule mpira wa kuminya wa kumsukumia mtoto hewa, kabatini. Akaipata, maski haikuwa imeunganishwa. Alipoanza kuminya, muda ulikuwa umekwenda. Simlaumu hata kidogo, usiku huohuo alikuwa na mama mwingine juu ya kitanda na uchungu umekolea.

Tuna 4,300,000 mkononi. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka vile vifaa vipya vya kupima mapigo ya moyo ya mtoto akishazaliwa. Mimi nasimama na mashine ya oksijeni, kwa sababu mtoto kakosa hewa, apewe hewa. Wenye ujuzi mtusaidie kabla ya kikao cha Jumapili.

#2 Mkunga wa Zamu
Poleni sana, na shemeji yako mfikishie pole kutoka Urambo. Niko leba mwaka wa kumi na sita huu, naomba nikupinge kwa upendo. Oksijeni iweke pembeni kwanza.

Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji. Hewa anaipata kwa mama kupitia kitovu. Akitoka, zile pumzi za mwanzo ndizo zinayaondoa maji na kuyafungua mapafu. Asipolia ujue hajaanza kuyafungua. Sasa ukimwekea mpira wa oksijeni puani na yeye havuti, hiyo oksijeni inaingilia wapi? Inapepea usoni tu. Anachotaka ni kusukumiwa hewa mpaka kifua kinyanyuke, na hewa hii ninayovuta mimi na wewe inamtosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012 ndivyo unavyosema: aliyetimiza miezi yake, na hata njiti aliyevuka wiki 32, aanziwe hewa ya kawaida.

Unamkausha, unamsugua, mdomo ukiwa na uchafu unautoa. Akikataa, ambu na maski kabla dakika ya kwanza haijaisha, minyo 40 kwa dakika. Tunaiita dakika ya dhahabu. Katika watoto 10, mmoja hivi anahitaji msaada wa kuanza kupumua, na wengi wao wanaamka kwa kukaushwa na kusuguliwa tu.

#3 Mgebuka
Mkunga ubarikiwe. Ila mbona wodini nimeona vichanga vina mipira ya oksijeni puani?

#4 Mkunga wa Zamu
#3 hao wanapumua, ila wanahangaika kupumua. Wanavuta wenyewe. Hiyo ni hatua ya baadaye, na pale oksijeni ina kazi kubwa. Tusichanganye.

#5 Takwimu Baridi
Mleta uzi, rudia kusoma simulizi yako mwenyewe pale kwenye kabati la chumba cha pili. Watafiti wa hospitali ya Haydom kule Manyara walikaa leba na saa mkononi, matokeo yakachapishwa 2012. Kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kuminya ambu, hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu ilipanda kwa asilimia 16. Sasa hesabu mwenyewe: kwenda kabatini, kufungua, kuunganisha maski, kurudi.

#6 Kijana wa Unyanyembe
Mimi nasimama na wanaotaka kipimo cha mapigo ya moyo. Nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali moja hapa Tabora, jina naliacha. Mtoto alitoka amelegea, mweupe, hapumui, hasogei. Mkubwa wangu alishika kitovu kwa vidole viwili, akasema hakuna kitu. Kalamu ikawa tayari juu ya rejista, aandikwe kazaliwa mfu. Mwenzangu akaweka sikio kifuani kwa mtoto, akasema subirini. Moyo ulikuwa unapiga, polepole mno. Akaminya ambu. Kama dakika nne hivi yule mtoto akavuta pumzi ya kwanza, na mimi nikaanza kulia badala yake.

Kuna kifaa kinaitwa NeoBeat, kimetengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway. Kimekaa kama bangili iliyokatwa upande mmoja, unamvisha mtoto kiwiliwili, ndani ya sekunde chache namba ya mapigo inatokea. Chini ya 100 unajua kazi haijaisha. Vidole vya mtu mwenye hofu havitoi namba.

#7 Mama Wawili
#6 umenifungua kidonda. Wangu wa kwanza niliambiwa "alikuwa ameshakufa tumboni". Lakini nilimsikia akicheza nikiwa nasukuma. Mpaka leo sijui. Uandishi ule wa kwenye rejista unabaki kwa mama maisha yote, jamani.

#8 Mkunga wa Zamu
Pole mdogo wangu. Siwezi kukwambia kilichotokea kwako, sikuwepo. Ila usemalo lipo. Mtoto asiyepumua na asiyesogea anafanana sana na aliyefariki, na mpaka umsikilize moyo huwezi kuwatenganisha.

#9 Kijana wa Unyanyembe
Na ushahidi upo. Tanzania ilipoanza mafunzo ya Helping Babies Breathe, yale ya kumsaidia mtoto kupumua, vifo vya watoto wachanga nchi nzima vilishuka kwa asilimia 47. Na walioandikwa wamezaliwa wafu nao wakapungua kwa asilimia 24. Mafunzo hayamfufui aliyekufa tumboni. Maana yake baadhi yao walikuwa hai.

#10 Takwimu Baridi
#9 hoja yako ya mwisho naikubali, wenyewe watafiti waliisema. Lakini "nchi nzima" umeteleza. Ule utafiti wa 2013 ulihusu hospitali 8, nyingi za rufaa na za mikoa, na asilimia 47 ni ya vifo vya ndani ya saa 24 za kwanza. Zahanati ya ziwani haimo humo. Kitaifa, utafiti wa hali ya watu na afya wa 2015/16 ulihesabu vifo 25 vya watoto wa chini ya mwezi mmoja katika kila 1,000 waliozaliwa hai. Wa 2022 ukahesabu 24. Tumetembea hatua moja.

#11 Fundi Koleo
Mimi ni fundi wa vifaa tiba, napita vituo vya Kasulu, Buhigwe na Uvinza. Nitasema la kwetu mafundi. Stoo za vituo zimejaa mashine za msaada. Ya oksijeni imeletwa, kichujio hakijasafishwa tangu ifike, umeme ukipanda na kushuka bodi inaungua, kipuri kinatafutwa Dar. Na nyie mnajua Kigoma tulivyokaa miaka kwa jenereta za dizeli kabla gridi haijatufikia. Mashine ya sakshen ya umeme, ile ya kunyonya uchafu mdomoni, nayo hivyohivyo.

Ambu haina umeme. Haina bodi. Ile inayosimama wima juu ya maski, unaifungua yote, unaichemsha, unairudisha. Ila muangalie vali, ukiifunga kinyume haipitishi hewa na nesi hatajua kwa nini kifua hakinyanyuki. Na maski ziwe namba 1 na namba 0, maana njiti ukimvalisha kubwa hewa yote inatokea pembeni.

#12 Mgebuka
Fundi nakazia. Huku kwetu kuna kituo mashine imefunikwa kitambaa cha kushona maua, wanaitunza kama redio ya babu.

#13 Bibi wa Mawese
Wanangu hamjambo. Mimi nimezalisha kijijini miaka ya nyuma kabla hawajatukataza. Mtoto asiyelia tulimshika miguu kichwa chini tukampiga makalioni, tukamnyunyizia maji baridi, na kitunguu tukatafuna tukampulizia. Wengine waliamka. Leo naona mnataja mabangili ya Norway.

#14 Mkunga wa Zamu
Shikamoo bibi. Walioamka wangeamka pia kwa kusuguliwa mgongo na kitambaa kikavu, maana ni kule kushtuliwa tu kulikowaamsha. Maji baridi yanampoza, na mtoto aliyepoa anazidi kuchoka. Kichwa chini ni hatari. Ila kupuliza hewa mlikuwa karibu na ukweli, bibi, nawapa haki yenu.

#15 Bibi wa Mawese
Marahaba mwanangu. Kitunguu basi nimekiachia mchuzi.

#16 Daktari Mteule
Mnamjadili mtoto akiwa ameshachoka. Amechokea wapi? Humo ndani, saa nyingi kabla. Mama ana uchungu tangu jana, mapigo ya mtoto yalitakiwa yasikilizwe kila nusu saa, yamesikilizwa mara mbili usiku mzima. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inajazwa asubuhi kwa kumbukumbu ili ukaguzi ukija ikutwe. Nimeiona kwa macho yangu, na si kituo kimoja.

Kuna dopla ndogo inaitwa Moyo, nayo ya haohao Laerdal, unamfunga mama tumboni inasikiliza mapigo ya mtoto muda wote, yakishuka inapiga kengele. Ningekuwa na milioni nne zenu ningeanza hapo. Mtoto ukijua mapema anachoka, unampeleka mama kwenye upasuaji, hiyo ambu huihitaji.

#17 Mwisho wa Reli
#16 daktari, upasuaji kutoka kijijini kwetu ni safari ya boti. Kengele ikilia saa nane usiku na ziwa limechafuka, nesi atafanya nini na hiyo habari?

#18 Daktari Mteule
Atapiga 115, ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito.

#19 Mwisho wa Reli
115 tunaifahamu na imetusaidia. Nazungumzia mawimbi ya ziwa Tanganyika.

#20 Mkunga wa Zamu
Daktari ana hoja lakini kaacha nusu. Watoto wengi ninaowapokea wamechoka ni wa mama waliokunywa dawa za kuongeza uchungu nyumbani. Tumbo halipumziki kati ya uchungu na uchungu, mtoto hapati nafasi ya kuvuta hewa kutoka kondo. Na siwalaumu wa nyumbani peke yao. Wapo wenzangu wanaochoma sindano ya uchungu kabla mama hajajifungua ili zamu iishe haraka. Hapo hata umfunge dopla tatu.

#21 Mama Wawili
Mkunga hilo la dawa ni kweli, mama mkwe alinipa na mimi. Sikujua.

#22 Kijana wa Unyanyembe
Turudi kwenye vifaa. Mpango wa Safer Births uliunganisha vyote hivi: dopla ya Moyo, ambu ya wima, NeoBeat, mwanasesere wa mazoezi, na walezi wa mafunzo ndani ya kituo. Vituo 30 katika mikoa 5. Matokeo yalitoka 2025 kwenye New England Journal of Medicine: vifo vya watoto, waliofia uchunguni pamoja na wa ndani ya saa 24, vilishuka kutoka 15.3 mpaka 12.5 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Tabora na Kigoma zilikuwamo.

#23 Mgebuka
Kigoma? Kituo gani?

#24 Takwimu Baridi
Kigoma haikuwamo. Ni Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza.

#25 Mgebuka
Nilijua tu. Treni likitoka Dar kila kizuri kinashukia Tabora, sisi mwisho wa reli tunapokea mabehewa matupu. Wanyamwezi mrudishe hata hiyo mianasesere, tutawapa dagaa.

#26 Kijana wa Unyanyembe
Waha mna mawese na ziwa zima, bado mnataka na mwanasesere wetu. Haya, kosa langu, nimekubali. Asali mtaletewa.

#27 Takwimu Baridi
Nimalizie #22, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponunua vibaya. Vilitolewa pamoja. Huwezi kuchomoa kimoja ukasema hiki ndicho kilichookoa. Na mikoa haikushuka sawa, ipo iliyoshuka sana na ipo ambayo haikusogea kama wenzake, ilhali vifaa vilikuwa vilevile. Ukinunua bangili peke yake hujanunua matokeo ya ule mpango.

#28 Mkunga wa Zamu
Mimi nitasema kipi kilinibadilisha. Mwanasesere.

Semina ya siku moja nilihudhuria, nikapewa cheti, nikarudi leba nikaendelea na yangu ya zamani. Haydom waliliona hilohilo: baada ya mafunzo ya siku moja watu walifaulu mtihani, kwenye mtoto wa kweli hawakubadilika. Wakageuza, wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale leba. Vifo vya saa 24 vikatoka 11.1 kufikia 7.2 kwa kila 1,000.

Kwetu tulikuwa na yule NeoNatalie, unamjaza maji anakuwa na uzito na ulegevu wa mtoto hasa. Mwaka mzima alikuwa kwenye ofisi ya mkuu wa kitengo, amefungiwa asiharibike. Alipohamishwa yule mkuu, tukamtoa, tukamlaza juu ya meza ya leba. Kila anayeingia zamu anaminya dakika tatu kabla hajagusa kitu kingine. Mwezi wa kwanza nilikuta maski yangu inavuja siku zote. Miaka kumi nimeshika ambu nikidhani najua! Niliumia sana nikiwakumbuka wa nyuma.

#29 Fundi Koleo
Hiyo kuvuja ndiyo waliyoifanyia kazi watu wa Mbarara, Uganda. Daktari Data Santorino na wenzake walibuni kidude kinachokaa kati ya ambu na maski, kinakwambia hewa inavuja, njia imeziba, au unaminya kwa kasi isiyo sawa. Mimi kama fundi nakipenda kwa sababu kinamfundisha mkono, hakimpi mtu namba tu.

#30 Daktari Mteule
Na hospitali ya Mulago, Kampala, walijaribu njia nyingine kabisa: waliacha maski, wakaweka kifaa laini kinachokaa juu ya koo, i-gel, kisivuje. Matokeo yalitoka 2020. Wakunga walikitumia salama, lakini vifo na madhara ya ubongo havikupungua kuliko kwa maski.

#31 Kijana wa Unyanyembe
Kwa hiyo tatizo si maski?

#32 Daktari Mteule
Ndiyo maana nikasema #16. Wengi wamekwisha umia kabla hawajazaliwa.

#33 Mkunga wa Zamu
Kama wameumia wote kabla, Haydom walipunguza vifo kwa kufanya nini basi? Dopla hazikuongezwa kwenye yale mazoezi.

#34 Nesi wa Pwani ya Ziwa
Nimeunganishwa na uzi huu na kijana wetu mleta mada. Mimi si nesi wa usiku ule, ila nafanya kazi kituo cha jirani, kata nyingine ya ziwani. Tuko wawili. Mmoja akiwa likizo ninabaki mimi, leba, kliniki ya watoto, majeraha ya wavuvi.

Naomba mnisikilize. Mtoto anapotoka hajalia mikono yangu miwili iko kwa mama: kondo halijatoka, damu inakuja. Dakika ya dhahabu ya mtoto ndiyo hiyohiyo dakika ya mama kutoka damu. Mnaniambia nimvishe bangili, nisome namba, niminye 40. Nani anashika tumbo la mama? Nimeshaminya ambu kwa mkono mmoja huku goti langu likizuia mama asianguke kitandani. Bangili nitaipokea kwa furaha, nikiwa peke yangu kitu kinachonisomea moyo bila mkono kinanisaidia kuliko kusikilizia kwa mpira wa masikioni. Hapo Kijana wa Unyanyembe yuko sahihi. Lakini mniletee na mtu.

#35 Mgebuka
Dada heshima yako. Hapa natoa kofia.

#36 Takwimu Baridi
#34 vipi kumfundisha mhudumu wa usafi au mama aliyemsindikiza mgonjwa, akaushe na kusugua tu wakati wewe uko kwa mama?

#37 Nesi wa Pwani ya Ziwa
Mhudumu wetu wa usafi nimeshamfundisha, anakausha vizuri kuliko wanafunzi. Usiku hayupo.

#38 Mkunga wa Zamu
Wanaosindikiza wengine wanazimia wakiona mtoto amelegea. Mimi sikubaliani na #36, utapata wagonjwa watatu.

#39 Mama Wawili
Mimi ningekuwa nimesindikiza ningeweza. Msituamulie wote.

#40 Fundi Koleo
Mleta mada, kabla ya Jumapili nijibu haya. Leba ina meza ya mtoto kando ya kitanda au hakuna? Usiku taa ni ya nini? Soketi iko wapi? NeoBeat na Moyo zote zinachajiwa. Kifaa cha kuchaji kisipokuwa na soketi kinaishia ofisini, na cha ofisini ni kama hakipo.

#41 Mwisho wa Reli
Wakuu, nilikuja na oksijeni, naona nimebaki nayo peke yangu, naiacha. Asanteni.

Nimempigia nesi wetu, yule wa usiku ule. Nilimuuliza angependa nini, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema meza, ambu iwe imeunganishwa juu yake saa zote, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, kwa sababu usiku ule hakujua ni dakika ngapi zimepita. Mwanasesere hajawahi kumshika tangu chuo. Bangili hakuwa ameisikia, nilipomweleza akauliza mara mbili kama kweli inaonyesha moyo wa mtoto aliyelegea.

Fundi, kuhusu swali lako: taa ni ya sola, inafifia kuanzia saa tisa usiku. Meza hakuna. Soketi ya leba ipo moja, nyuma ya kabati la dawa, na hilo kabati limejengewa ukutani.

#42 Fundi Koleo
Nipigie picha ya hilo kabati na ya betri za sola, nione namba zilizoandikwa ubavuni.

#43 Nesi wa Pwani ya Ziwa
Maski namba 0 kwa hapa Kigoma mjini nani anajua zinakopatikana? Zangu zote ni namba 1.